Sahihi Isiyo ya Mama

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya mteja wakati binti yake wa miaka saba aliporudi kutoka shule.

"Mama, leo wamenisugua shavu kwa ndani," alisema. "Watu wa utafiti. Kwa kijiti cha pamba. Haiumi."

Wifi yake mama, aliyekuja kuchukua gauni, alidakia. "Hao wanapima nani baba wa nani. Kaa chonjo, wifi."

Mama aliiacha sketi chini ya sindano. Hasira zilimpanda, na alikuwa na haki. Mtoto si shamba la bibi, kila apitaye achume.

Alipofika zahanati, nesi wa utafiti alimwonyesha rundo la fomu za ridhaa, ya binti yake ikiwa juu. Sahihi ya mzazi ilikuwepo, ila haikuwa yake.

"Huu ni mwandiko wa mwalimu wa darasa," mama alisema. "Tangu lini yeye akanizalia? Na fomu zote arobaini ni mkono mmoja. Hukuona?"

Nesi aliona haya. "Alisema wazazi mko kazini. Nilipaswa kukataa, sikukataa. Nisamehe, dada."

"Mnatafuta nini mdomoni mwa mwanangu? Baba yake?"

"Hapana. Pamba inachukua chembe ndogo za shavu. Ndani yake kuna vinasaba, tulivyorithi kwa wazazi. Vichukulie kama patroni yako, ile karatasi ya kukatia nguo. Moshi, lishe au hofu ya muda mrefu vinaweza kuacha alama juu yake, kama chaki yako. Patroni haibadiliki, lakini alama zinaweza kubadili inavyotumika. Tunazisoma kwa watoto wengi, tujue maisha yanavyogusa afya zao."

"Mtaniambia kama wangu ataugua?"

"Hatuwezi. Kipimo cha mtoto mmoja hakisemi hilo."

"Maneno haya hayajamaliza hata dakika tano. Mlishindwa nini kuniambia kabla?"

Nesi alizikusanya fomu zote, akaenda kuwaeleza wakuu wake.

Wiki hiyo vijiti vyote arobaini viliteketezwa. Wazazi waliitwa shuleni, wakasomewa fomu, wakauliza maswali. Watatu walikataa, na hakuna aliyewasumbua. Fundi cherehani alisaini kwa mkono wake.

"Haya, fungua mdomo," alimwambia binti.

"Ngoja," nesi alisema. "Tumuulize na yeye."

Mama alitaka kubisha, kisha akamgeukia binti.

"Nikikataa?" binti aliuliza.

"Unarudi kucheza."

Binti alikiangalia kijiti, akafikiri kidogo, kisha akafungua mdomo mwenyewe.