Waachwe

Fundi cherehani aliamka mapema kama kawaida. Alichemsha chai, akapiga pasi sare za watoto, akafunga chakula cha mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea milango na mageti.

"Leo unaongea redioni, mama watoto," alisema mumewe. "Usitetemeke."

"Nitetemeke nini? Nimezoea kuongea nikiwa na pini mdomoni. Leo sina hata moja."

Wakacheka wote wawili.

Mke huyu alikuwa anagombea udiwani. Hakuwa akitafuta ukubwa. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa sokoni, na choo cha soko hakikuwa na mlango wala maji. Wanaume walijisaidia nyuma ya ukuta. Wanawake walijizuia mchana kutwa. Hawakunywa maji, ili wasibanwe. Wengine waliugua. Diwani aliambiwa, akasema atalifikiria. Miaka ikapita, yeye bado anafikiria.

"Nikiingia baraza la madiwani, naanza na choo," aliwaambia wenzake wa sokoni.

Wagombea walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa muuza saruji. Kule redioni mtangazaji alianza na huyo. Alimuuliza habari za barabara, taa na ushuru wa soko. Muuza saruji akajibu bila haraka, kama mtu aliyekaa barazani kwake. Kisha mtangazaji akamgeukia mama.

"Mama, mumeo amekuruhusu kugombea?"

"Nyumbani tunazungumza kama watu wazima. Naomba sasa tuzungumze choo cha soko."

"Tutafika huko. Kwanza watu wanataka kujua msimamo wako juu ya ndoa. Kuna mabinti wameolewa wangali wanafunzi. Unasemaje?"

Hakukwepa swali.

"Hao walioolewa waachwe wasome," alisema. "Wasizuiwe mlangoni mwa shule."

Kwenye choo hawakufika. Muda ulikwisha.

Jioni, kwenye taarifa ya habari, redio ilitoa kipande kidogo tu. Sauti ilikuwa yake mwenyewe: "Hao walioolewa waachwe." Wakakata hapo. Kisha mtangazaji akauliza, "Je, mgombea huyu anataka wake za watu wapewe talaka?"

Hapo walilokata lilikuwa neno "wasome". Mtu kuachwa asome ni kitu kimoja. Mke kuachwa na mumewe ni kitu kingine kabisa. Kila mtu mzima anajua tofauti hiyo. Lakini kipande kile kilishaingia kwenye simu za watu kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Kesho yake, dereva wa lori alifika kwenye karakana ya mume.

"Shemeji, talaka yako umeshaipokea? Au bado inaandikwa?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi wa kuchomelea aliona aibu. Alitaka waone kwamba hajaumia. Akainua miwani yake ya kazi, akasema kwa sauti kubwa, "Mnazungumza na mume wa Mama Waachwe! Mguu wangu mmoja uko ndani ya ndoa, mwingine uko nje!"

Akacheka pamoja nao.

Jua halijazama, jina lilikuwa limeshafika sokoni. "Mama Waachwe! Mama Waachwe!" Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Muuza nyanya, ambaye kila siku walilalamika pamoja juu ya choo, alisogeza meza yake mbali.

"Nisamehe, shoga yangu. Mume wangu kanikataza kukaa nawe. Na wako mwenyewe kathibitisha."

"Kathibitisha nini?"

"Kasema ana mguu mmoja nje."

Usiku ule mke hakupiga kelele. Alipakua chakula, akaketi.

"Baba watoto, umeniita nani leo?"

Mume aliangalia sahani. "Ulikuwa mzaha tu."

"Wao walilikata neno langu. Wewe ukalishona."

Kabla mume hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, mkunga mstaafu. Watu wote walimwita Bibi Mkunga.

"Shikamoo, Bibi," mume alisema.

"Marahaba. Sikai sana, nina hasira. Wewe ulisikia swali aliloulizwa mkeo?"

"Nilisikia jibu."

"Jibu gani? Mimi nilisikiliza mazungumzo yote yalipokuwa yakienda hewani. Alisema waachwe wasome. Wasome! Wewe ulikuwa unasaga chuma, hukusikia kitu. Halafu ukapewa kipande, ukakimeza kizima."

Mume akaweka kijiko chini.

"Na muuza saruji aliulizwa habari za ndoa?" Bibi Mkunga aliendelea.

"Sijui, Bibi."

"Hakuulizwa. Ameacha wake wawili. Mmoja nilimzalisha mimi, akaachwa mtoto kitovu hakijakauka. Huyo anaulizwa barabara! Mkeo, ambaye hajaachana na mtu, ndiye anaulizwa ndoa."

"Kwani ni vibaya kuulizwa?" mke alisema. "Mimi sikuona vibaya kujibu."

"Si vibaya, mwanangu. Anayetaka kura aulizwe anaamini nini. Ila swali unaloulizwa wewe, mwenzako naye aulizwe. Na jibu lako lisikike mpaka mwisho." Akamgeukia mume. "Nilipogombea mimi, waliniuliza kwa nini sina mtoto. Mimi, niliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu! Kabla yangu aligombea mwalimu. Wakamuuliza nani anampikia mumewe. Watu walicheka. Waliocheka nawakumbuka, mmoja mmoja."

Mume hakuinua macho. Siku zile naye alicheka.

Asubuhi alifunga karakana. Yeye na Bibi Mkunga wakaenda kituo cha redio. Mkuu wa kituo aliwapokea vizuri.

"Hatukusema uongo," alisema. "Sauti ni yake."

"Ukimkata mtu kichwa, kiwiliwili nacho ni chake," Bibi Mkunga alijibu. "Utasema huyo ndiye mtu mzima?"

Mkuu wa kituo akavuta kompyuta yake. Akawafungulia mazungumzo yote. Mume alimsikia mkewe akiomba kuzungumzia choo, akiambiwa watafika huko, kisha muda ukiisha. Aliinama akashika kichwa.

Redio ilikubali kurusha mazungumzo kamili. Iliyarusha mara moja, mchana, watu wakiwa kazini.

Mume alizunguka sokoni. "Jamani, nilitania. Mke wangu hakusema vile."

"Tunakuelewa, shemeji," dereva wa lori alimpiga begani. "Amekubana, eh? Pole sana."

Kicheko kikaanza upya.

Kura zilipigwa. Mama akashindwa. Muuza saruji akaapishwa, na akasema suala la choo atalifikiria.

Bibi Mkunga hakuchoka. Alikwenda redioni tena na tena, safari hii na wanawake wa sokoni nyuma yake. Mwisho kituo kilikubali utaratibu mpya: wagombea wote, wanaume kwa wanawake, wataulizwa maswali yale yale, na jibu la mtu halitakatwa katikati. Uchaguzi uliofuata ndivyo ilivyokuwa. Mgombea mmoja, mwanamume, alipoulizwa nani anabaki na watoto akienda mikutanoni, aliomba swali lirudiwe.

Kwenye karakana pia mambo yalibadilika. Siku moja dereva wa lori alileta kipande kingine cha sauti ya mgombea mwanamke kwenye simu. Mume akazima mashine.

"Aliulizwa swali gani?"

"Mi sijui. We sikiliza tu, inachekesha!"

"Na mwenzake aliulizwa hivyo hivyo?"

Dereva akarudisha simu mfukoni.

Mume alitengeneza pia mlango wa chuma, akaufunga kwenye choo cha soko bila kumuuliza mtu. Mlango upo mpaka leo. Maji bado hayajaja. Maji hayachomelewi.

Jina nalo halikuondoka. Waliolianzisha kwa kucheka wameshasahau walicheka nini.

Juzi binti mmoja alifika kibandani akiwa na kitambaa cha sare. Aliolewa mapema, sasa amerudi shule.

"Shikamoo, Mama Waachwe," alisema kwa adabu zote. Alidhani ndilo jina lake.

Fundi cherehani alishusha pumzi. Akachukua futi, akampima mabega, kiuno, urefu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nakuachia upindo mkubwa. Bado unakua."