Panya Wote Walitazama Kona

Panya waliokunywa dawa ya gome la mkwaju walikwenda upande mmoja, wote, na hapo ndipo Dakta Talatu alipoanza kumtazama Barau kwa jicho la pembeni.

Kazi yenyewe haina siri. Ubao una umbo la msalaba, umeinuliwa hadi kiunoni: njia mbili zina kuta, mbili zi wazi. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta. Aliyetulizwa na dawa hutembea peupe. Hawa walitoka, sawa; lakini mmoja baada ya mwingine alishika njia ileile inayoelekea kona moja ya chumba, akaketi ukingoni na kuinua pua, kama mtu anayesalimiwa.

"Umemwaga kulikuli zako za karanga huku, Barau?"

Barau, msaidizi wake kutoka Kano, alicheka. "Aa, Malama! Watu wa Zaria mkipoteza hata sindano, mwizi lazima atoke Kano."

"Kwani huwa anatoka wapi?"

Talatu akaufuta ubao kwa spiriti, akaugeuza. Panya wakashika njia nyingine, ile ambayo sasa ndiyo ilielekea kona. Na waliopewa maji matupu wakakimbilia penye kuta, mbali na kona hiyo, wakajikojolea.

Barau hakucheka tena. Akakifunga kizimba haraka.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la upepo wa harmatani, na bado chumba kikaanza kunuka ukwaju mbichi, ukali ule unaojaza mate kinywani, na kutoka konani, ambapo hapakuwa na kitu ila saruji, ikasikika sauti ya tawi linalolalama kwa uzito, polepole, kana kwamba aliyekuwa amelikalia anajigeuza apate kuwatazama vizuri.

"Barau," Talatu alinong'ona. "Gome ulilichukuaje?"

"Kama ulivyoniagiza."

"Nilikuagizaje?"

"Kuusalimu mti kwanza. Kipande cha mashariki, kipande cha magharibi, basi."

"Apa."

Barau alitazama viatu vyake. "Jua lilikuwa kali, Malama. Nililibandua lote, kuzunguka shina. Mti umekauka."

"Na salamu?"

Akatikisa kichwa.

"Mwongo mkubwa! Umemvunjia jini wa mti nyumba, kisha ukamleta kwangu!" Mama yake Talatu alikuwa mganga wa mitishamba, kwa hiyo Talatu hakuhitaji kuambiwa zaidi. "Twende kwa malamu wa msikitini akusomee dua. Sasa hivi, kabla hajachagua pa kukaa."

"Siwezi. Nakufa kwa hofu, Malama."

Na kabla Talatu hajamzuia, Barau akaikwapua chupa ya ile dawa ya gome, akaigugumia hadi nusu.

Meno yaliacha kugongana. Mabega yakashuka. Akatembea taratibu hadi konani.

"Wa alaikumu salaam," aliuambia ukuta.

"Rudi! Ogopa, Barau! Nakuomba, ogopa!"

"Lakini ni mpole, Malama. Anataka pa kukaa tu. Nimemwambia asihangaike, kwangu nafasi ipo."

Talatu alitaka kumfuata amvute. Ndipo alipogundua kwamba amejibanza kati ya jokofu na ukuta, na gauni lake limelowa.

Barau alisimama katikati ya chumba, peupe, akanyoosha mikono, mmoja mashariki, mmoja magharibi. Kifuani mwake tawi likalalama.

Vizimbani, panya wakaacha kuitazama kona. Wakageuka mmoja mmoja, wakamwinulia Barau pua.