Mjane Halii

Jumamosi, Porte de Namur, mtaa wa Waafrika huko Ulaya, duka la simu na faksi limejaa mpaka mlangoni. Djibril, kijana wa Bujumbura mwenye shati la maua na mdomo usiotulia, ndiye bosi wa mashine. Mara akaingia Rukiya wa Tanga, koti jekundu mpaka magotini, karatasi kifuani.

"Faksi ya Osaka."

"Japani? Chérie, uko na muntu kule?"

"Kuna bibi wa miaka sabini, mshairi. Namtafsiri kwa Kiingereza. Na mimi si chérie wako wala mpenzi wako."

"Bon. Bado."

Hiyo "bado" ikafanya kazi yake. Rukiya alisomea Osaka miaka minne. Sasa anaogesha wazee kwenye makao yao mtaa wa Koekelberg, na siku za mapumziko anatafsiri. Majibu ya Bibi Kazuyo yakitoka, Djibril anayapuliza yapoe kama chapati. Kufika masika wanakula brosheti, Rukiya anaziita mishkaki, sahani moja.

Shairi walilolipenda lilikuwa la mjane: siku ya mazishi ya mumewe anatafuna figili, kru kru kru, mbele ya wakwe.

"Analia saa ngapi?"

"Halii. Anatafuna."

Djibril alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi moja ikaja faksi ya London. Mchapishaji aliyepelekewa mashairi na Rukiya anakitaka kitabu, ila mjane alie. Rukiya aweke alama penye "nakubali", asaini, arudishe kabla ya saa sita, la sivyo basi. Rukiya yuko kazini, simu inaita tu. Saa sita kasoro tano, Djibril, aliyewahi kuwasainia shule nzima ruhusa ya mwalimu mkuu, akashika kalamu.

Saa nane Rukiya akafika, akasoma karatasi iliyorudishwa London.

"Umemliza!"

"Nimeokoa kitabu yako, chérie! Machozi kidogo tu, ni nini?"

"Miaka mitatu nahangaika Waingereza wamsikie anavyotafuna. Wewe umemziba mdomo kwa dakika moja. Tena kwa jina langu!"

Akapiga London palepale, mbele ya duka zima. Sahihi si yake. Mjane halii. London wakasema basi hakuna kitabu.

"Na kisiwepo!"

Koti jekundu likatoka nje.

Wiki tatu Djibril anapiga, Rukiya anakata. Wateja wakadhani jamaa anaumwa, maana hata utani hana. Wiki ya nne Rukiya alipopokea, Djibril akasema mbio:

"Usikate! Niko na namba za faksi mia mbili. Benki, mawakili, masaluni. Ninataka kuwatumia shairi ya mjane, vile weye uliandika. Sijatuma. Ninauliza."

Rukiya hakukata.

"Umemuuliza Bibi Kazuyo mwenyewe?"

"Nilimuandikia, Kiingereza yangu ile mbovu. Alinijibu na picha. Figili, imeng'atwa."

Rukiya akaficha kicheko kwa kikohozi.

Kesho yake asubuhi alisimama kaunta, kanga mpya kichwani, akasoma karatasi herufi kwa herufi. Chini pameandikwa: Kazuyo, Osaka. Kiingereza cha Rukiya.

"Nitume?" Djibril akauliza, mikono mgongoni.

"Tuma."

Mashine ikanguruma. Saa nne jibu la kwanza likatoka, la benki: acheni kutujazia upuuzi.

Djibril akamtazama kwa woga. Rukiya akavua koti, akavuta kiti.

"Hawa watumie tena, mpenzi. Mara mbili."