Karatasi Niliyoandika "Hapana"

Mimi napakia biskuti kiwandani. Nina mikono myepesi, hata wenzangu wananiita Mashine. Kila jioni nikirudi, binti yangu hushika viganja vyangu na kuvinusa.

"Leo ni za maziwa, mama!"

Tunacheka. Kisha namwekea chakula kidogo kilichopo. Mimi husema, "Nimeshiba, nimekula kazini." Uongo mtupu!

Siku moja jirani yetu, mpishi wa shule, aligonga mlango. Hata kiti hakungoja. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Jirani, hii ni yako?"

Ilikuwa yangu. Shule iliuliza kama nataka mtoto ale mchana shuleni bila malipo. Mimi niliandika: Hapana. Anakula nyumbani.

"Mbona mchana namwona bombani, anajaza tumbo maji?" aliuliza. "Leo ameanguka darasani."

"Mungu wangu! Yuko wapi?"

"Tulia. Nimempa chakula, anakuja na wenzake. Lakini kesho je?"

Machozi yalinitoka. "Dada, mimi si ombaomba. Nafanya kazi."

"Nani kasema ombaomba? Hebu nijibu. Ghala la kiwanda chenu lina chakula?"

"Limejaa pomoni! Biskuti nyingine zinavunjika tu, zinatupwa."

"Basi nchi hii haina uhaba. Mwanao ana njaa kwa sababu fungu lake halijamfikia. Chakula cha shule kinanunuliwa kwa kodi. Na wewe unailipa, hata ukinunua sabuni. Sikiliza. Sadaka unapewa mtu akipenda. Haki unapewa hata akinuna!"

Maneno yale yaliniingia. Asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya shule kabla mlango haujafunguliwa. Nilimwambia karani nataka kubadili ile Hapana iwe Ndiyo. Alinitazama juu ya miwani.

"Umechelewa, mama. Mwisho ulikuwa wiki iliyopita."

Zamani ningeomba radhi na kuondoka. Siku hiyo nilikaza miguu.

"Samahani, nioneshe palipoandikwa."

Alifungua jalada. Akafunua, akafunua, jasho likamtoka. Hapakuandikwa kitu. Akachukua muhuri, akagonga karatasi yangu: pa!

Weee! Nilitoka mbio, nusura nimkumbatie mlinzi wa getini.

Kiwandani, wakati wa mapumziko, niliwasimulia wenzangu. Mmoja aliinamisha kichwa. "Mimi pia niliandika hapana," alisema. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu naye. Kumbe tulikuwa saba! Wanawake saba tunaopakia chakula kutwa, na kila mmoja kaificha njaa ya nyumbani kwake kama ameiba. Tulilia, kisha tukacheka mpaka msimamizi akaja kuchungulia.

Kesho yake tuliingia sote kwenye ofisi ile, maana watoto wetu wanasoma shule moja. Karani alipotuona tu, alishika muhuri kabla hatujamsalimu.

Sasa ni wiki ya tatu. Binti yangu hanusi tena mikono yangu. Nikifika tu, ananisimulia hesabu alizopata, hata kuvua viatu sijavua.

Jana jioni nilimwekea chakula. Akala kidogo, akaisukuma sahani upande wangu.

"Nimeshiba, mama."

Nilimkazia macho. Maneno hayo nayajua vizuri, nimeyasema miaka mingi.

"Kweli umeshiba?"

"Kweli kabisa. Sasa na wewe acha uongo wako, mama. Kula."

Nikala.