Faili Lisilonenepa

Mwili wa Martha Sayi ulikuwa bado na joto Inspekta Athanasi Bujiku alipofika kwenye kituo cha afya, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Midomo ilikuwa imevimba. Kwenye paja palikuwa na tundu moja la sindano.

Bujiku alikuwa ametoka Mwamanyili alfajiri kwa kesi ya wizi wa ng'ombe. Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Ulimchoma nini?" alimuuliza muuguzi, Rehana.

"Penisilini, afande. Alikuja na homa kali, hawezi hata kusema. Niliangalia kompyuta kwanza. Hakuna mzio wowote ulioandikwa."

"Uliandikwa."

Aliyesema alikuwa Paschal, mume wa marehemu, mkulima wa pamba wa Ngulyati. Alikuwa ameitwa kutoka shambani. Miguu ilikuwa na tope.

"Mwezi wa sita, baba. Sindano hiyohiyo nusura imuue. Wakaandika mbele yangu."

"Nani anaweza kufuta?" Bujiku alimgeukia Rehana.

Rehana alijifuta machozi. Jumatatu, alisema, radi iliunguza kompyuta kuu. Kesho yake, Jumanne, fundi wao Januarius alirudisha taarifa zote kutoka kwenye bekapu, nakala ya akiba. "Nilimwambia wagonjwa wa karibuni siwaoni. Akasema nisubiri, bado zinaingia."

Inspekta alishusha pumzi, akainuka.

Januarius alimpokea kwa heshima katika chumba cha kompyuta.

"Bekapu unafanya lini?"

"Kila Ijumaa, afande."

"Nionyeshe."

Mafaili thelathini na moja yalijipanga kwenye kioo, kila moja na tarehe ya Ijumaa yake. Bujiku hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Ila kwa miaka mingi alikuwa amesoma vibali vya kughushi vya mifugo.

"Hizi namba za pembeni ni nini?"

"Ukubwa wa faili."

"Mbona zote ni sawasawa?"

Januarius alishika kipanya, akaishusha orodha.

"Wagonjwa wanaongezeka kila siku. Faili halinenepi?"

Bujiku alielekeza kidole kwenye orodha.

"Fungua la Ijumaa iliyopita. Mgonjwa wa mwisho aliandikwa lini?"

"Tarehe nne... mwezi wa nne."

"Fungua la mwezi wa saba."

Jibu lilikuwa lilelile. Bujiku alimpa onyo kwa mujibu wa sheria, akatoa karatasi ya maelezo.

"Ni nakala moja," Januarius alisema. "Nilikuwa nainakili, nabadilisha tarehe kwenye jina. Basi."

"Kwa nini?"

"Bekapu yenyewe inachukua saa nne, na lazima uikague. Mama alikuwa amepigwa kiharusi, yuko Nyashimo, hana mtu mwingine. Nikisubiri, gari linaniacha. Nilijua ni Ijumaa moja tu."

Bujiku aliandika polepole. Naye alikuwa amemuuguza mama yake.

"Anaendeleaje sasa?"

"Alifariki mwezi wa nane."

Kalamu ilisimama.

"Huu ni mwezi wa kumi na moja, kijana. Mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, ulikuwa unawahi wapi?"

Kutoka wodini kilisikika kilio; ndugu wa Martha walikuwa wamefika. Januarius aliziba uso kwa mikono yote miwili.

"Sikuwa nawahi popote, afande," alisema. "Nilikuwa nimeshazoea."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsogezea karatasi aweke sahihi.