Kwera wa Uani kwa Kina Kabula

Kila Jumamosi Najiat akitoka madrasa huosha vyombo, hufagia ukumbi, kisha hula taratibu. Jumamosi hiyo alikula amesimama. Mama alikuwa amemwazima simu kwa saa mbili tu, na klabu ya mazingira ya shule ilitaka picha ya ndege Jumatatu.

Alikimbia hadi mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake, Kabula. Mgunga wa uani kwao ulijaa viota vya kwera, ndege wadogo wa manjano wanaojenga pamoja na kugombana kutwa kama watu kwenye foleni ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," alijibu Bibi Ng'washi, bibi yake Kabula. "Umekuja kunipiga picha?"

"Leo ndege, bibi."

"Haya. Uzuri wangu utasubiri." Akachukua jembe, akaenda shambani nyuma ya nyumba. Kabula naye alikwenda bombani.

Kwera walikataa kushuka. Kwenye kioo cha simu walionekana kama punje za mahindi. Najiat alitazama saa, akaingia ndani. Jikoni palining'inia kibuyu cha mtama. Alichota konzi moja, akaumwaga uani. Punde walishuka kumi na mmoja, bawa kwa bawa. Akawapiga picha safi.

Kabula aliporudi na ndoo, aliitazama simu. "Hee, umewashushaje?"

"Wameshuka wenyewe."

"Una bahati. Mimi ningewamwagia mtama, ila uliobaki ni wa mbegu tu, na bibi kautia dawa ya wadudu. Panya akiuonja, hufa kabla hajamaliza ukuta."

Najiat alitazama nyuma ya mgongo wa Kabula. Kwera walikuwa bado wanadonoa, na kuku mwenye vifaranga alikuwa anakuja. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuaga, akaondoka na picha yake. Akisema, ataitwa mwizi wa mbegu, tena mbegu ambazo bibi bado hajazipanda, na uani hapo hatakanyaga tena.

Kifaranga mmoja aliinamisha kichwa ili adonoe.

Najiat aliwatimua ndege na kuku kwa kanga yake, kisha akakimbilia shambani. "Bibi, nimechota mbegu zako. Nimewamwagia ndege. Nimemdanganya Kabula."

Bibi alitupa jembe. "Kabula, fungia kuku! Wewe, usijishike mdomo."

Walifagia punje zote, wakazifukia kwenye shimo refu, wakanawa kwa sabuni mara mbili. Kisha wakakaa kizingitini, macho mgungani. Saa mbili za mama zilipita. Kuku walikuwa wazima. Kwera mmoja alianguka chini ya mti, hakuinuka tena. Wengine waliendelea kugombana.

Najiat alilia. "Niifute picha, bibi?"

"Usiifute. Ipeleke, na uwaambie wa klabu jinsi ndege walivyoshuka." Bibi alimfuta machozi kwa pindo la kitenge. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mkono wako umekosa, lakini ulimi wako umewahi. Ungenyamaza, leo tungezika kundi zima, na pengine mtoto wa jirani anayeokota kila kitu. Kosa linalosemwa mapema bado lina dawa. Linalofichwa huendelea kula watu wasiokuwemo. Sasa nenda kwa mama yako, umweleze na yeye."

Najiat aliinuka, akaenda.