Zahanati ya Kumi

Zahanati zilikuwa tisa. Mama Stoo alizijua kama alivyoyajua meno yake, pamoja na lile lililotoboka. Kwa hiyo asubuhi ile alipofungua kompyuta na kukuta taa kumi za kijani zimejipanga ukingoni mwa kioo, alihesabu kwa kidole, akahesabu tena kwa ncha ya kalamu, kisha akaita.

"Fundi! Hebu njoo. Nani kaongeza mtu humu?"

Fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kitambi na mizaha, alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Taa tisa zilikuwa na majina ya zahanati. Ya kumi haikuwa na jina. Ilikuwa taa tu.

"Si wewe uliyeandika tangazo?" Fundi akacheka. "'Yeyote mwenye dawa na yeyote mwenye shida, ajiunge.' Haya, kajiunga yeyote."

Mtandao ule wa dawa ulikuwa na miezi miwili. Kabla yake, zahanati moja ilikuwa ikitupa maboksi ya dawa zilizopitwa na muda huku jirani yake ikizika mtoto kwa kukosa dawa hizo hizo. Sasa kila mmoja aliandika kwenye safu mbili, Ninacho na Nahitaji, na Mama Stoo, mtunza stoo kuu ya dawa, akamkutanisha aliyenacho na asiyenacho. Akibonyeza Kubali, pikipiki inatoka. Watu waliupenda. Chini ya safu walisalimiana, wakataniana, wakaombeana heri.

Fundi akaifuta taa ya kumi. Ikazimika. Papo hapo chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua, na taa ikarudi.

"Hitilafu tu," Fundi alisema. Aliondoka akaacha chai yake mezani, na hakurudi kuifuata.

Wiki hizo insulini ilikuwa imeadimika kote. Mama Stoo alikuwa na binti wa miaka tisa, mgonjwa wa sukari, mwenye mdomo usiopumzika hata akiwa anapiga mswaki. Nyumbani walimwita Chiriku. Kichupa chake cha mwisho kilikuwa kimebaki kidole kimoja. Kila asubuhi mama yake alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa, akakirudisha.

Saa sita kamili mchana, taa isiyo na jina iliandika kwa mara ya kwanza.

*Ninacho: insulini, vichupa arobaini.*

Wa kwanza kuandika chini yake alikuwa nesi wa zahanati ya ng'ambo ya mto, shoga yake wa siku nyingi. "Dada, kubali haraka kabla hajabadili mawazo! Mwenyewe una mgonjwa ndani."

Mama Stoo akabonyeza Kubali.

Nyuma yake friji la dawa, lililokuwa likinguruma tangu alfajiri, likanyamaza. Kisha likavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Alipofungua, vichupa arobaini vilikuwa vimejipanga safu nne, vimelowa, vinanuka nywele zilizoungua. Tarehe zilikuwa sawa. Vifuniko vilikuwa sawa. Hakuna pikipiki iliyokuja, na ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwake.

Alijua. Tusimsingizie kwamba hakujua. Lakini jioni ile alimdunga mwanawe sindano, na sukari ikashuka vizuri kuliko siku zote.

Kesho yake, saa sita:

*Nahitaji: macho, mawili.*

Watu wakacheka. Vikatuni vya kucheka vikamiminika kutoka zahanati zote. Nesi wa ng'ambo, asiyejua kukaa kimya penye utani, akaandika: "Chukua ya bosi wetu. Tangu lini yakaona shida zetu?"

Chini yake likatokea neno moja. *Nimekubali.*

Bosi, yaani daktari mkuu, alikuwa chumba cha pili akisaini barua. Mama Stoo alisikia kiti kikisukumwa, kisha sauti tulivu ya mtu anayedhani amefanyiwa mzaha: "Nani kazima taa?"

Jua lilikuwa limejaa vyumba vyote. Akatoka akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa pale pale usoni, ila yamekuwa meupe na makavu kama maganda ya yai, na kila alipopepesa yalitoa sauti ya karatasi inayokunjwa.

"Nani yuko hapa?" akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Mama Stoo alibana mdomo kwa viganja vyote viwili mpaka wenzake walipomwongoza daktari kutoka nje.

Jioni alisimama na sindano mkononi, Chiriku akiwa amekwishapandisha gauni pajani na kuendelea kusimulia habari za mwalimu aliyeteleza. Mama Stoo alijiambia kwamba macho yamekwisha kwenda, na kumwaga dawa hakutayarudisha. Akadunga.

Fundi alikuja siku ya pili, akang'oa nyaya zote ukutani. Kioo kikawa cheusi. Taa ya kumi ikabaki inawaka juu ya weusi ule. Fundi aliiangalia kitambo, akavua kitambulisho chake cha kazi, akakiweka juu ya kiti na kwenda zake.

Wiki nzima hakuna zahanati iliyoandika hata salamu. Lakini mvua zilikuwa zimeshuka, malaria ikapanda, na stoo haikuwa na sindano ya malaria hata moja. Siku ya nane, saa sita, kioo kikawaka chenyewe bila waya:

*Ninacho: sindano za malaria kali, mia moja.*

Mama Stoo akaandika kwa herufi kubwa: "ASIKUBALI MTU. NAWAOMBA. ASIKUBALI MTU."

Saa nzima ikapita. Kisha akaona jina la zahanati ya ng'ambo, na mbele yake: *amekubali*. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikazimwa.

Kesho yake hakutaka kukaa mbele ya kioo, lakini saa sita ilimkuta hapo hapo.

*Nahitaji: mtoto, mmoja. Nisipompata kabla ya alasiri, dawa zote nilizotoa zitageuka maji, hata zilizomo mwilini.*

Akakaa akitazama, mikono mapajani, huku friji nyuma yake likihema polepole kama mnyama aliyelala baada ya kushiba, na harufu ile ya nywele ikimpanda kooni, na zahanati tisa zikiwa kimya kiasi kwamba aliweza kuwaona wote walivyoinamia simu zao, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme au asiseme, mpaka chini ya kioo yakajitokeza maneno madogo kwamba zahanati ya ng'ambo inaandika, yakapotea, yakarudi, yakapotea tena, na hatimaye sentensi yenyewe ikaja, fupi, haina hata salamu:

"Mama Stoo ana mtoto."

*Nimekubali.*

Alikimbia. Alikimbia bila viatu, akapita katikati ya magari yanayompigia honi, akagonga meza ya muuza vocha ikapinduka, akasikia anatukanwa wala asigeuke, akihesabu hatua na kuomba, akiomba kwa maneno ambayo hakuyajua yametoka wapi, kwamba achukuliwe yeye, achukuliwe mama yake mzazi, achukuliwe mtu yeyote mtaani, mpaka akausukuma mlango wa uani na kumkuta mama yake mzazi amesimama kichwa wazi.

"Alikuwa ananihadithia," bibi alinong'ona. "Akakatiza neno katikati."

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdomo wazi, kidole kimoja hewani. Alipumua. Hakupepesa. Ngozi yake ilikuwa na baridi ya chupa iliyotoka kwenye friji.

Kesho yake walimleta Bi Mafusho, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kutoa majini. Alimfunika mtoto shuka, akafukiza chini yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akasoma, akaita kwa sauti ya ukali, akaita kwa sauti ya kubembeleza. Kisha akaifunua shuka, akamvuta mama wa mtoto pembeni.

"Moshi unaingia puani," alisema chini kwa chini. "Hautoki."

"Maana yake nini, bibi?"

"Hamna mtu ndani wa kuutoa."

"Mtoe basi huyo jini! Si ndiyo kazi yako?"

"Nimtoe wapi, mwanangu? Wengine humwingia mtu, nami huwatoa. Huyu hakuingia. Mwanao ndiye aliyetolewa."

"Atarudi vipi?"

Bi Mafusho alikusanya vyetezo vyake kimoja kimoja. Hakumtazama usoni. "Ulimwita yeyote akaja. Mkamfundisha kupeana kwenu, naye haendi nje ya hapo. Unajua atarudi vipi." Mlangoni akasimama. "Usifanye. Nakuomba kama mzazi. Mzike huyu, ulie, uishi."

Siku mbili Mama Stoo alimlisha mwanawe maji kwa kijiko, yakamtiririka kidevuni. Siku ya tatu asubuhi simu ikaita. Ng'ambo.

"Dada, usikate, nakusihi." Nesi alikuwa analia kwa kwikwi. "Ni mapacha wangu. Walikuwa wameanza kukaza shingo, macho yamepanda juu, wote wawili, kitanda kimoja. Sindano zile ndizo zilizowashusha homa. Halafu akasema zitageuka maji. Mwilini mwao, dada! Ningemtaja nani? Nikasema wewe ulipokea insulini, ukaendelea kumpa mwanao baada ya yale ya bosi. Nikasema wewe utanielewa."

Nyuma ya kilio chake zilisikika sauti mbili ndogo zikigombania mpira.

"Wamepona?" Mama Stoo akauliza.

"Wamepona. Wanacheza. Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," alisema, na akakata simu.

Alivaa khanga yake safi, akaenda stoo, akakaa. Wenzake walikuwa wameshahama jengo lile. Jua lilipanda, kivuli cha dirisha kikajikunja mpaka chini ya ukuta, friji likaanza kuhema, na ndani yake, nyuma ya mlango mzito, kitu kikawa kinakwaruza kidogo kidogo kwa kucha, kinasita, kinakwaruza tena, na juu ya kukwaruza huko ikapanda sauti nyembamba aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe, sauti isiyolia wala kuita msaada, ila inasimulia tu, inasimulia bila kituo, ikimweleza mtu fulani kule ndani habari za mwalimu aliyeteleza.

Saa sita.

*Ninacho: mtoto, mmoja, mzima, ana maneno mengi.*

*Nahitaji: watoto, wawili.*

Aliwafikiria. Siku walipozaliwa yeye ndiye aliyewapokea, akamfunga huyu taulo la bluu na yule la njano ili mama yao awajue bila kuwafunua. Alifikiria pia maneno ya Bi Mafusho, kwa urefu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akaandika:

"Ng'ambo wapo wawili."

Hakungoja jibu.

Aliporudi, sauti ya Chiriku ilimpokea tangu kwenye kona ya mtaa. Bibi yake alikuwa amepiga magoti uani, analia na kushukuru. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kigoda, rangi imerudi mashavuni, mikono inaruka hewani.

"Mama! Kule kuna baridi, mama! Watu wamesimama wamebanana, hawakai, wala hawazungumzi, nikizungumza mimi wananitazama. Na kuna macho mawili hayana mtu, yananifuata tu. Nina njaa! Bibi, kuna mkate?"

Mama Stoo alimkumbatia, akamnusa nywele, akamshika kama anayemrudisha tumboni. Akamketisha mezani, akamimina chai, akamkatia mkate.

"Umetokaje, mwanangu?" bibi akauliza.

"Wamekuja wengine wawili wanalia. Mmoja wa kike, mmoja wa kiume. Mlango ukafunguka, wao wakaingia, mimi nikapita. Yule wa kike akaning'ang'ania mkono, anataka tutoke wote." Chiriku alitafuna, akatafuna, kisha akasita. Akaingiza kidole mdomoni, akatoa kitu kilichomnasa kwenye jino, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kilikuwa ukucha, mdogo kuliko wake. "Nikamng'ata."

Bibi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta.

Simu ya Mama Stoo ikaanza kuita. Alilitazama jina, akailaza kifudifudi juu ya meza. Ikaita mpaka ikakoma. Ikaanza tena.

"Mama, si upokee? Labda ni mtu ana shida."

"Kunywa chai, mwanangu," alisema, akichovya mkate na kumpelekea mdomoni. "Inapoa."